Uchungu Uliopunguzwa

"Hii dawa chungu uliizidisha mara mbili," alisema Inspekta Lynnet Awino. "Kwa nini?"

Mwalimu Zablon Ogada aliitazama pakiti aliyosukumiwa mezani. Bado alikuwa na suruali ya suti aliyokamatwa nayo kanisani. Mshipi na viatu vilikuwa vimechukuliwa kaunta, na kila mara alipojisahau akanyoosha miguu, aliirudisha upesi chini ya kiti ili soksi zake zisionekane.

"Si dawa, madam. Ni hopsi. Ni maua ya mmea wa nchi za baridi. Yanakaushwa, yanasagwa, yanafinyangwa vidonge vidogo kama chakula cha kuku. Ndiyo yanayoipa bia harufu yake na uchungu wake."

"Uchungu. Sasa tunaelewana."

Kando ya pakiti palikuwa na kopo tupu la sharubati ya kimea, lebo yake ikisema "pale ale", aina ya bia ya Kizungu, kwa herufi za dhahabu, na chupa moja iliyojaa, kizibo hakijaguswa. Vyote vilitolewa stoo ya Mwalimu huko Mbita, nyuma ya magunia ya mahindi, na kuletwa hapa kituo cha polisi cha Homa Bay. Zablon alikuwa mzee wa kanisa na naibu mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyefundisha kemia nusu ya watu wazima wa mji ule. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anapika bia.

Alhamisi jioni Austine Omollo, mwalimu wa kwaya, alifika kwake, akaketi stoo, akanywa glasi moja. Kabla hajaimaliza uso ulimvimba, akatapika, akasimama kutafuta hewa, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ngazi ya saruji. Tangu hapo alikuwa amelala hospitali ya Homa Bay bila kuzungumza. Ijumaa asubuhi mbwa wa Mwalimu akakutwa amekufa uani. Mtu na mbwa, boma moja. Jumamosi, katikati ya ibada ya Sabato, Lynnet aliingia kanisani na askari wawili, akapita kati ya viti hadi mbele, akamtia Mwalimu pingu waumini wakitazama.

"Nieleze tena," alisema Lynnet. "Kifurushi kinakuja na maagizo. Wewe hukuyafuata."

"Nilirekebisha. Maagizo yanasema uchemshe hopsi pamoja na kimea kwa muda mrefu. Ukichemsha hivyo, uchungu unatoka na kukaa. Mimi sikuchemsha kabisa. Nilingoja hamira imalize kazi na bia ipoe, ndipo nikatia hopsi kwenye kifuko cha kitambaa, nikazamisha mle. Nilizidisha mara mbili kwa sababu kwenye baridi hutoa harufu tu. Uchungu hautoki."

"Kwa hivyo mtu anaweka dawa chungu mara mbili ili bia isiwe chungu."

"Inaonekana kama kichekesho, najua. Lakini ndivyo ilivyo. Ningetaka kuficha sumu ndani ya uchungu, ningechemsha kama maagizo yanavyosema."

"Mimi sikutaja kuficha sumu."

"Ulitaja mbele ya kanisa zima, madam."

Konstebo Mayaka, aliyekuwa akiandika pembeni, alisimamisha kalamu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amehudumu vituo vingi kuliko Lynnet, na hakuwa na kawaida ya kutia neno wakati wa mahojiano. Alikohoa, akaendelea kuandika.

"Ulijifunza wapi hayo?" Lynnet aliuliza.

"Kwa kukosea. Mwanafunzi wangu wa zamani yuko ng'ambo, ndiye aliyenitumia haya makopo. La kwanza nililipika kama lilivyoandikwa. Ikatoka chungu kama mwarobaini. Akaitema."

"Nani aliitema?"

Mwalimu aliirudisha miguu chini ya kiti.

"Umesema akaitema. Hukusema niliitema."

"Nimekosea kusema."

"Umesahihisha insha za watu maisha yako yote, Mwalimu. Hukosei kusema. Ulikuwa unampikia nani?"

"Nilikuwa najipikia mwenyewe," alisema Zablon, akaangalia mikono yake. "Andika hivyo. Mzee wa kanisa, mlevi wa siri. Si ndivyo wanavyosema huko nje?"

"Na Austine alikuja kufanya nini stoo kwako?"

"Kunisalimia."

"Mlikunywa chupa moja?"

"Chupa moja, glasi mbili. Mimi nilimaliza yangu."

"Ni wewe tu unayesema hivyo. Alikuwaje alipofika? Mgonjwa?"

Zablon alifikiri, kwa uangalifu wa mtu anayetaka angalau hilo alijibu sawasawa. "Alikuwa mzima. Ila mashavu yalikuwa yamemchubuka kidogo. Alisema ametoka kwa kinyozi, na ile spiriti wanayopaka baada ya kunyoa imemchoma vibaya. Alishangaa, kwa sababu ni kinyozi wake wa siku zote."

Lynnet alimwambia Mayaka aandike hata hilo, ingawa hakuona lina kazi gani. Kisha akamrudisha Mwalimu seli.

* * *

Saa ya chai simu mbili zilimfikia Lynnet, moja ikifuata nyingine.

Ya kwanza ilitoka maabara ya Kisumu. Mabaki ya glasi zote mbili yalikuwa yamepimwa. Hakukuwa na dawa ya wadudu, wala sumu ya panya, wala ile spiriti ya viwandani inayopofusha watu. Ilikuwa bia, basi, na nyepesi kuliko ile ya madukani.

"Pimeni tena," alisema Lynnet.

"Tumepima mara mbili, afande. Glasi zote mbili ni kitu kimoja."

Ya pili ilitoka kwa Javan Otuoma, daktari wa mifugo aliyempasua yule mbwa.

"Inspekta, tumbo lilikuwa limejaa majani ya kijani yaliyolowa, kama chicha. Na kitambaa. Alikula hadi kitambaa."

"Hiyo ndiyo sumu?"

"Kwa mbwa, ndiyo. Hizo ni hopsi. Mtu anakunywa bia yake hana neno, lakini mbwa akila mabaki yake mwili unapanda joto mpaka moyo unasimama. Nilisoma habari yake chuoni, sikutarajia kuiona huku kwetu. Huyo mzee alimwaga mabaki nyuma ya jikoni, sivyo?"

"Alimwaga."

"Basi mbwa alijiua kwa ulafi. Hakuna mtu alimlisha kitu."

Lynnet aliweka simu chini. Chupa iliyofungwa ilikuwa bado mezani. Aliifungua kwa ukingo wa droo, akainusa, akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai, akagusisha ulimi. Harufu ilikuwa kama ya maganda ya chungwa na pera lililoiva. Uchungu ulikuwepo, ila ulikuja mwisho, kidogo, ukapita. Kitu kama hicho hakingeficha hata chumvi.

Alimsukumia Mayaka kikombe. Mayaka alinusa tu.

"Alikuwa anasema kweli," alisema Lynnet.

"Ndiyo, madam."

"Mbwa ni kesi yake, Austine ni kesi yake. Mimi ndiye niliwafunga pamoja."

"Ndiyo, madam." Mayaka alirudisha kikombe mezani. "Na tulimtoa kanisani. Nilikuambia tungengoja amalize maombi."

Lynnet alisimama. Alikumbuka vizuri kwamba aliambiwa, na alikumbuka alivyojibu, kwa sauti ambayo askari wadogo waliisikia. Alichukua funguo za gari.

"Tumfungulie?" Mayaka aliuliza.

"Nikimfungulia sasa, atarudi Mbita akiwa mtu aliyeachiliwa kwa kukosa ushahidi. Watasema alihonga. Lazima nijue kilichomwangusha Austine. Twende hospitali."

* * *

Daktari Asmaa, msimamizi wa wodi ya wanaume, aliwapokea koridoni. Alikuwa na haraka.

"Kichwa kinaendelea vizuri," alisema. "Picha haikuonyesha damu ndani. Ataamka, leo au kesho. Lakini lile la kwanza, lililomwangusha, bado linanisumbua. Aliletwa moyo unakimbia, presha imeshuka kabisa, uso na kifua vinawaka moto. Dawa za wadudu hazifanyi hivyo."

"Hukuniambia."

"Uliponipigia uliniambia ni sumu, tena umeshamkamata mwenyewe. Nikatibu sumu." Alisema bila ukali, ndiyo maana maneno yalimwingia Lynnet zaidi. "Kuna kitu kingine. Muuguzi akimpangusa kwa spiriti ili amchome sindano, ngozi inavimba pale pale. Sasa tunatumia maji na sabuni."

Lynnet alimgeukia Mayaka. Mayaka alikuwa tayari amefungua karatasi za asubuhi.

"Kinyozi," alisema Mayaka.

"Daktari," Lynnet aliuliza polepole, "kuna dawa ambayo mtu akiwa nayo mwilini, kileo kinageuka sumu kwake peke yake? Anayekunywa naye chupa moja asidhurike?"

Daktari Asmaa alimtazama, kisha akafunga macho kidogo kama mtu aliyejigonga.

"Ipo. Vidonge vya kumwachisha mtu pombe. Anakunywa kila siku kwa hiari yake, akijua kwamba akigusa kileo ataugua vibaya. Huo woga ndio unaomzuia. Hata spiriti kwenye ngozi inaweza kumchoma. Mbona sikuwaza..." Alisita. "Lakini mtu anayevitumia anajua. Hawezi kujimiminia glasi ya bia."

"Na kama hajui?"

Daktari aligeuka. Aliangalia upande wa mlango wa wodi. Kwenye benchi pale mwanamke alikuwa ameketi wima, leso imefungwa kiunoni, macho yameganda kwenye sakafu. Huyo alikuwa Rispa, mke wa Austine, ambaye watu walimwita Mama Beverly kwa jina la binti yake wa kwanza.

Lynnet aliketi karibu naye.

"Pole, Mama Beverly. Nina maswali machache."

"Uliza tu, madam."

"Austine alikuwa anakunywa?"

"Zamani. Aliacha." Jibu lilikuja haraka. "Aliapa mbele ya wanakwaya wote. Sijui huyo Mwalimu alimdanganya na nini."

"Anatumia dawa yoyote? Ya presha, ya malaria?"

"Hapana."

"Siku ile alipoanguka ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nyumbani. Nilikuwa Sori, kununua omena. Nilifika nikaambiwa mume wangu amelazwa."

"Unaenda Sori mara kwa mara?"

"Soko likiwa zuri." Rispa alivuta leso kama anayefunga fundo lililokuwa tayari limekaza. "Mwalimu atafungwa?"

"Ungependa afungwe?"

Mwanamke alifungua mdomo, akaufunga. Macho yalimjaa machozi, akageuza uso upande wa ukuta. Lynnet alidhani ni uchungu wa mke wa mgonjwa. Alimshukuru, akatoka.

Kwenye maegesho Mayaka hakuwasha gari.

"Madam, mimi ni mtu wa Kisii, samaki sijui sana. Lakini Mbita omena inaanikwa hadi kando ya barabara. Ukitembea unaikanyaga. Mtu anatoka huko, anavuka hadi Kaunti ya Migori, kununua omena?"

Lynnet aliegemea kiti. Alikuwa amezaliwa ng'ambo ya daraja la Mbita, kisiwani Rusinga. Omena ilikuwa imemlipia karo. Aliyasikia maneno yale kwenye benchi, akayaandika, wala hayakumshtua.

"Endesha," alisema. "Twende Sori."

* * *

Maduka ya dawa Sori yalikuwa machache. Katika mawili ya mwanzo wenye duka walikuwa hawajawahi kuona vidonge vya namna hiyo. La tatu lilikuwa karibu na soko, safi, lenye kioo kilichong'aa, na nyuma ya kioo alisimama Ruqia, mwanamke wa Kimombasa ambaye mumewe alimleta huku kwa biashara.

"Vidonge hivyo havitoki bila cheti cha daktari," alisema Ruqia. "Sheria naijua, afande."

"Sijauliza sheria. Nimeuliza kama uliuza."

"Sikumbuki."

"Kuna mtu amelala hospitali Homa Bay, na mwingine yuko seli kwa kosa la kumtilia sumu. Yule wa seli hakufanya kitu. Nikitoka hapa bila jibu ataendelea kukaa."

Ruqia alipanga upya maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Mteja aliingia akitaka dawa ya kikohozi. Akamhudumia, akamrudishia chenji, akangoja atoke kabisa.

"Alikuja mama mmoja," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Amejifunika leso hadi puani, nami nikajua si mwenyeji. Alisimama pale mlangoni mpaka duka likawa tupu. Nikamuuliza cheti. Akalia. Aliniambia mlevi ni yeye."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Ati anakunywa chang'aa kwa siri, watoto wanamwona, mumewe ni mtu wa kanisa, akijulikana itakuwa fedheha. Nikamwonea imani, Wallahi. Mwanamke kusimama mbele ya mtu asiyemjua akajitukana vile! Nikampa."

"Ulimweleza hatari yake?"

"Nilimweleza mara tatu. Asiguse kileo hata tone. Na mtu asipewe bila kujua, maana anaweza kufa. Akaitikia."

"Aliuliza chochote?"

Ruqia alitazama mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa kioo.

"Aliuliza kama vina ladha. Na kama vyaweza kusagwa. Alisema koo lake halimezi vidonge."

"Na hukushuku?"

"Nilishuku," alisema Ruqia. Sasa hakuweza kumtazama Lynnet. "Usiku ule nilimwambia mume wangu, yule mama dawa ile hakujinunulia mwenyewe. Akaniambia niache, yasitupate sisi. Nikaacha. Na alirudi tena baadaye, nikampa tena. Nilijua, afande. Nilijua na nikampa."

Mayaka aliandika. Lynnet alimwonyesha picha kwenye simu, aliyoipata kwa askari wa Mbita: wanakwaya na familia zao siku ya sikukuu. Ruqia hakuhitaji kutafuta. Aliweka kidole juu ya uso mmoja, akakiondoa haraka.

* * *

Rispa alikuwa bado benchini, mahali pale pale. Alipowaona wakija alisimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayengoja pingu.

"Mmetoka Sori," alisema.

"Keti, Mama Beverly."

"Siwezi kuketi. Nimeketi tangu Ijumaa, madam, nikiambiwa pole na kila mtu. Wanawake wa kanisa wamekuja hapa wakamlaani Mwalimu, na mimi nikaitikia amina." Alishusha mikono. "Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo naona uso wa mtu. Nikajiambia, Austine akiamka nitasema. Asipoamka nitasema."

"Alikuwa hajaacha pombe."

"Aliacha mbele ya watu. Nyumbani alikuwa anarudi na harufu, anasema ni dawa ya kikohozi. Ningemwambia nani? Pasta? Kwaya nzima inamtazama yeye. Nikasikia kuna vidonge. Wiki hiyo nikaanza kuvisaga na kuvitia kwenye uji wake." Alijifuta uso kwa leso. "Nilijua akinywa ataugua. Nilitaka augue kidogo, aogope. Nyasaye, Mungu wetu, anajua sikutaka afe."

"Lakini ulijua si Mwalimu."

"Nilijua."

Lynnet alitoa simu, akapiga kituoni, akaagiza Mwalimu Zablon Ogada arudishiwe viatu na mshipi wake, na aachiliwe. Alipomaliza akasikia sauti ya ofisa wa zamu ikisita.

"Anasema hatoki, madam. Anauliza kama anaweza kukaa mpaka giza liingie. Hataki kupita sokoni watu wakimwona."

"Mpatie simu."

Zilisikika pumzi za mtu mzima.

"Mwalimu, ni Inspekta Lynnet. Nilikosea. Mbwa alikufa kwa mabaki ya hopsi. Bia yako ilikuwa safi. Nilipaswa kukusikiliza na sikukusikiliza."

"Nini kilimwangusha Austine?"

Lynnet alimwangalia Rispa. "Kuna dawa ilikuwa mwilini mwake. Ya kumwachisha pombe. Hakuna aliyekwambia, wala yeye hakujua."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Nani alikuwa anampa?" Zablon aliuliza. Kisha, bila kungoja, "Hapana. Usiniambie kwa simu. Nakuja huko."

Alikuja kwa miguu, si mbali. Koti la suti alikuwa amelishika mkononi, viatu havijafungwa kamba. Rispa alipomwona alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Zablon alisimama hatua chache mbele yake, akaelewa pale pale. Hakupaza sauti. Alikwenda akaketi mwisho wa benchi.

"Ulimpikia nani ile bia, Mwalimu?" Lynnet aliuliza. Safari hii aliuliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Alikuja kwangu mwaka huu wakati wa mvua," alisema Zablon, akizungumza na sakafu. "Alilia. Alisema kiapo kimemshinda. Chang'aa inamwita, na akionekana kwenye kijumba kinakouzwa kwaya itavunjika. Mimi nikawaza kama mtu wa kemia. Nikasema, nimpe kitu chepesi, glasi moja kwangu, mahali pa siri, kisha nipunguze, nipunguze, mpaka aache. Ile ya kwanza aliitema kwa uchungu, akarudi kwa chang'aa yake. Ndiyo maana nikarekebisha hopsi. Nilitaka apende harufu." Alikunja koti juu ya magoti. "Nilikuwa namfanya anywe, na mimi nikijiona namponya. Niliona haya kumwambia mtu yeyote."

"Ungeniambia mimi," alisema Rispa kwa sauti ndogo.

"Ningekuambiaje? Nikuambie mumeo bado mlevi?"

"Nilijua."

"Sikujua kwamba unajua."

Rispa aliteleza ukutani hadi akaketi chini, magoti kifuani. "Mimi nilikuwa nasaga, wewe unapika," alisema. "Kila mtu kwa siri yake. Na yeye katikati."

Mayaka alisogea dirishani akawapa mgongo. Lynnet alibaki. Kazi yake ilikuwa ni kumwambia mwanamke huyo haki zake, kwamba amekamatwa kwa kumpa mtu dawa ya hatari bila ridhaa yake na kwa kuficha ukweli, na alimwambia yote, neno kwa neno, akiwa amechuchumaa ili asimwambie kutoka juu. Rispa aliitikia kila sehemu. Pingu Lynnet hakuzitoa.

Ndipo Daktari Asmaa akatoka wodini.

"Ameamka. Anaongea vizuri. Anawaulizia polisi."

Lynnet aliingia. Akawaachia mlango wazi, na wengine wawili wakamfuata hadi kizingitini, Mayaka akiwa nyuma yao. Austine alikuwa amelala ubavu, uso ukitazama ukuta, bandeji nyeupe kichwani. Hakugeuka.

"Wewe ndiye ulimshika Japuonj?" aliuliza. Japuonj, mwalimu kwa Kijaluo, ndilo jina alilomwita Zablon tangu shuleni. "Muuguzi ameniambia."

"Ni mimi. Nimeshamwachilia."

"Hana kosa. Ni mimi nilimwomba. Nilimsumbua mpaka akakubali." Alijivuta karibu na ukuta. "Nitaandika kila kitu, madam. Lakini naomba kitu kimoja, tafadhali. Usimwambie mke wangu nilikuwa nakunywa. Sema ni kichwa tu, sema niliteleza. Yule mama aliniamini nimeacha. Ni yeye peke yake alikuwa bado ananiamini. Akijua, sitaweza kumwangalia tena."

Lynnet aligeukia mlango. Alijitoa kando ya kitanda.

"Austine," Rispa aliita kutoka mlangoni. "Ni mimi."

Mgongo wa Austine ulikakamaa. Kisha mkono wake wenye mpira wa dripu ulitafuta ukingo wa shuka, ukaivuta juu, polepole, hadi ikafunika bandeji na kichwa chote.

Rispa hakumfunua. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono mahali alipodhani pana bega, akaanza kumwambia habari ya vidonge na uji, hivyo hivyo, akizungumza na shuka.